Kumuaga Papa Polycarpe, Msemaji wa Sinema Bubu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwami mtawala wetu, uliyepanda kilima hiki kwa miguu baada ya gari lako kukataa. Padri wetu, mwenye ukumbi huu na mwenye mabenchi haya yanayotuchana nguo. Waheshimiwa majuji wa tribunali, mlio kazini na mliopumzishwa. Walimu, wakatekista, akina mama wa maharage, na akina mama wa samaki mliotoka Shasha na vikapu vyenu. Wageni wetu wa Mubi, mliokuja kutunyang'anya mashine ya sinema (tumewaona, na bado hatujawasamehe). Na wewe Papa Polycarpe, baba yetu, ambaye leo unalazimishwa kukaa kimya mwanamke akisema: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake. Kama kuna niliyemshusha au niliyempandisha, anisahihishe wakati wa chakula.

Kwa wasionijua, mimi ni Kavuo, mke wa Jérôme Muhindo, yule mwenye duka na lori hapa juu ya Kashuga. Tulitoka Butembo tukiwa na magunia matatu ya chumvi na jina zuri. Chumvi iliisha, jina limebaki, ingawa mume wangu alijaribu kulichoma pamoja na depo, kama mtakavyosikia. Msimtazame sasa hivi. Mwacheni kwanza anywe maji.

Kamati ilipokaa kuchagua wa kumuaga Papa Polycarpe, walimu walisema wataandika hotuba ya Kifaransa. Mimi nikauliza: huyu mzee ametusemea miaka yote kwa lugha tunayoielewa, sasa sisi tumuage kwa lugha itakayomfanya asinzie? Walimu wakacheka, kisha wakanitupia mzigo wote. Ndivyo nilivyofika hapa mbele.

Wageni wa Mubi, ninyi mnachukua mashine, lakini mdomo haumo katika sanduku. Ni lazima mwelewe mnachokosa. Ile sinema yetu ni bubu. Watu wanatembea kwenye shuka, wanakasirika, wanapendana, wanafungua midomo, na hamsikii hata chembe. Kila baada ya muda yanatokea maneno ya kuandikwa, na maneno yale si Kifaransa wala Kilatini, maana Padri mwenyewe aliyatazama akakohoa. Padri aliyeleta mikanda ile zamani alikwishazikwa, na hakumwachia mtu maelezo.

Basi Papa Polycarpe alisimama kando ya shuka na mwanzi wake mkononi, akawa midomo yao wote. Mzungu mnene akifungua kinywa, Polycarpe anasema kwa sauti nene. Bibi mwenye kofia ya manyoya akilia, Polycarpe analia kwa sauti nyembamba mpaka mbwa wa Padri anajibu huko nje. Kwa kinywa chake jenerali mmoja wa Ulaya aliuliza bei ya maharage sokoni Masisi, akaambiwa, akasema ni ghali mno. Nani hapa hakucheka siku ile? Nani hakurudi nyumbani akiamini kwamba hata huko kwao wanalalamika kama sisi?

Kati ya mikanda yote, tuliupenda mmoja, tukauita Kesi, basi. Ndani yake kuna chumba kikubwa cha hukumu. Binti mmoja amesimama kizimbani, amevaa nguo nyeupe, mikono imeshika ubao. Mbele yake wamekaa majuji, na katikati yao kuna mzee mwenye ndevu anayejifuta uso kila mara kwa kitambaa. Nyuma ya binti anasimama mwanaume mrefu mwenye vifungo vinavyong'aa. Wanasema, wanasema, wanasema, halafu juji mkubwa anainuka, binti anaanguka chini, na mkanda unaisha.

Kosa la binti lilikuwa lipi? Ee! Hilo lilitegemea nani amekaa kwenye benchi. Kwa watoto wa katekismu, binti alikuwa ametoroka Misa. Kwa akina mama, alikuwa ameiba mume wa mtu, na pale tulipiga kelele mpaka vumbi likashuka kutoka darini. Kwa wanaume, alikuwa ametia maji katika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nao wakataka anyongwe palepale. Sinema ilikuwa ileile, kosa lilibadilika kama mboga.

Jambo moja tu halikubadilika. Yule mwanaume mrefu mwenye vifungo, kila mara Polycarpe alimwita mjomba wa binti. Na ni lazima amwite hivyo, maana ninyi wenyeji wa vilima hivi mnajua, na sisi tuliokuja tumejifunza: hapa kesi haikatwi juu ya mtu aliye peke yake. Kabla hukumu haijatamkwa, mtu wa ukoo wake anasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani, ili kila mmoja aone kwamba nyumba nzima ndiyo inayohukumiwa, na nyumba nzima ndiyo itakayosaidia kurekebisha. Asiyekuwa na mtu nyuma yake anakatiwa kesi haraka, kama mbuzi aliyekutwa barabarani. Basi binti yule wa shuka alikuwa na mjomba, sisi tulitulia, na Polycarpe aliendelea.

Sasa, ndugu zangu, nisogee karibu na moto.

Mwaka wa sitini na sita, siku ya Jumamosi, depo yetu ya maharage iliungua. Iliungua yote, na mabati yakaanguka juu ya majivu. Hakuna aliyekufa, ashukuriwe Mungu, isipokuwa panya ambao mume wangu hakuwalilia. Lakini mume wangu ni Munande kamili, mfanyabiashara wa Butembo: akipoteza kitu, lazima kiwe kimechukuliwa na mtu. Akasema, hakuna aliyekuwa na ufunguo wa depo isipokuwa yeye na Colette. Na Colette siku hiyo hakuja kazini. Basi akamshitaki, naye akafungiwa.

Colette alikuwa msichana wetu wa duka. Mama yake, marehemu Anne, alikuwa akipandisha samaki kutoka Shasha, na alipofariki binti alipanda mlima kuja kutafuta kazi. Alifagia, alipima chumvi, alijua kumkataa mteja mlevi bila kumkasirisha, na hiyo ni elimu kubwa. Baba yake? Hakuna aliyemjua. Tulipomuuliza alisema, "Iko tu." Nami nikaacha, maana kila nyumba ina chungu ambacho mgeni hafunuliwi.

Nilimwambia mume wangu: "Jérôme, uyu mutoto hawezi choma depo. Achome kwa faida gani?" Akanijibu: "Sasa mbona hasemi fasi alikuwa?" Na hilo, kwa kweli, lilinifunga mdomo. Maana kila walipomuuliza Colette alikuwa wapi siku ya moto, alijibu neno moja: "Nilikuwa kwa mugonjwa. Ingine siwezi sema." Mgonjwa gani? Kimya. Nyumba gani? Kimya. Tribunali ikamuuliza, akatazama chini. Kesi ikapangwa kukatwa siku ya Alhamisi, na kila mtu alijua mwisho wake ungekuwa gereza la mjini, mahali ambapo msichana anaingia na miaka ishirini na anatoka bibi kizee.

Ng'ombe wa maskini hazai, wazee walisema. Nami niliona jinsi maneno yale yanavyouma, maana nilikuwa napita mbele ya chumba alichofungiwa nikimpelekea ugali, na kila siku aliniuliza jambo lilelile: "Mama Kavuo, nani anapima chumvi sasa?" Nilikuwa nikifika nyumbani nalia, na mume wangu anadhani nalilia maharage.

Kuna mtu mmoja aliyejua ukweli wote. Mtu huyo alikuwa amekaa katika tribunali, kwenye kiti cha pili kutoka kwa prezida, juji mkuu, na kila mtu alimheshimu. Namtaja kwa sababu yeye mwenyewe, hapo alipoketi mstari wa tatu, ameniruhusu nimtaje, na ameniambia nisimpunguzie hata kidogo. Ni Papa Grégoire, kama tulivyomwita siku zile.

Papa Grégoire siku zile alikuwa juji, mwenye sauti ya taratibu na viatu vya njano vilivyong'aa, viatu pekee vya namna hiyo kilimani hapa. Mama yake mzazi, mzee Nyiramana, alikuwa kitandani kwa muda mrefu, na Papa Polycarpe, kama katekista, alikuwa akienda kusali naye. Siku chache baada ya moto, mama yule akamshika mkono, akamwambia maneno ambayo Polycarpe alinieleza baada ya kila kitu kwisha:

"Polycarpe, ule mutoto Colette iko mujukuu yangu. Siku ya moto alikuwa hapa, toka asubuhi mpaka jioni. Alininywesha uji kwa mukono yake. Mimi njo niliomba kumuona mbele ya kufa, na Grégoire njo alienda kumuita kwa siri. Lakini wewe usiende sema kwa tribunali. Wewe ukisema, mutoto atapata shahidi. Grégoire akisema, atapata baba."

Polycarpe akaapa. Kesho yake mama Nyiramana akafariki. Sasa niambieni, ninyi wenye hekima: kiapo kwa mtu aliye hai unaweza kurudi ukamwomba akufungue, kiapo kwa marehemu utakwenda kumwomba nani?

Na Colette je, kwa nini alinyamaza? Kwa sababu alipopanda mlima mara ya kwanza na kumwendea Papa Grégoire, akamwambia yeye ni nani, Grégoire alimjibu: "Uwe unanisalimia sawa vile batu bote bananisalimia." Basi. Tangu siku hiyo alimsalimia kama watu wote. Angesimama kizimbani na kusema, nilikuwa nyumbani kwa juji huyu, naye juji angesema simjui, nani angeaminiwa? Binti wa ufagio, au mwenye viatu vya njano? Colette alikuwa amekwisha kukanwa mara moja, na hakutaka kukanwa tena mbele ya watu. Hilo linaniuma mpaka leo, nalisema wazi.

Jumapili kabla ya hukumu, baada ya Misa ya pili, Papa Polycarpe akatangaza sinema. Tukaziba madirisha ya ukumbi huu kwa mablanketi, shuka ikafungwa kwenye boriti ile pale, na kama kawaida ilikuwa fupi, haikufika chini. Floribert, dereva wetu, akawasha jenereta. Wakubwa wakakaa mbele, Papa Grégoire akiwa katikati na mkewe, Mama Adelaïde. Tukauliza ni mkanda gani. Akasema: Kesi. Tukapiga makofi. Tulitaka kucheka kidogo, maana juma lile lilikuwa zito.

Binti akatokea kizimbani. Polycarpe akanyoosha mwanzi wake. "Uyu mutoto," akasema, "banamushitaki kama alichoma depo."

Makofi yakakatika. Mimi nilimtazama mume wangu, mume wangu akatazama viatu vyake. Polycarpe hakutazama mtu. Akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa: binti anasema alikuwa kwa mgonjwa, wanamuuliza mgonjwa yupi, hasemi. Juji mkubwa akafungua kinywa: "Kama hausemi, tutakata." Halafu mwanzi ukasogea taratibu ukamgusa yule mzee mwenye ndevu anayejifuta uso. "Uyu papa," akasema Polycarpe, "anajua. Alimuona mutoto siku ile na macho yake. Munamuona vile anatoka jasho?"

Nasi tulimwona. Mara mia tulikuwa tumemwona mzee yule akijifuta, tukadhani ana joto. Siku ile tuliona sababu. Kuna aliyesonya nyuma yangu, kuna aliyemtukana mzee wa watu kwa Kihunde, matusi ambayo Padri anaomba nisiyatafsiri.

Ndipo mwanzi ukafika kwa mwanaume mrefu mwenye vifungo. Tukangoja neno letu, mjomba. Polycarpe akasema: "Na uyu wa nyuma iko polisi. Mutoto hana muntu."

Ndugu zangu! Ukumbi uliinuka. Mama Elisabeth, mkulima wa maharage ambaye hata kanisani haimbi kwa aibu, alisimama juu ya benchi akapiga kelele: "Simamisha iyo mashine! Namna gani banakata kesi ya mutoto bila muntu nyuma yake?"

Floribert akajibu kwa hofu: "Mama, nikisimamisha mukanda, taa itauchoma! Lazima izunguke!"

"Basi acha izunguke," akasema Mama Elisabeth. "Mimi nakwenda."

Akaenda. Akapita mbele ya wakubwa, kivuli chake kikawafunika majuji wa Ulaya, akazunguka, akaingia nyuma ya shuka, akasimama. Wageni wa Mubi, ninyi mnacheka, na ni haki yenu. Hata sisi tulicheka. Lakini ilikuwa wazi kabisa kwetu: binti yuko kwenye shuka, basi anayetaka kusimama nyuma yake atasimama wapi kama si nyuma ya shuka? Mama wa pili akamfuata, na wa tatu. Hatukuwaona tena, tuliona miguu yao tu chini ya pindo, miguu mitupu yenye udongo wa shamba, imepangwa mstari. Na sauti ya Mama Elisabeth ikatoka kule nyuma: "Tuko hapa, mutoto, usiogope! Lakini siye haiko ukoo yako. Baba yake iko wapi? Atoke!"

Papa Grégoire alikuwa akicheka mwanzoni pamoja nasi. Nilikuwa upande, nilimwona. Kicheko kilimwisha polepole usoni. Akainuka. Tulidhani anatoka nje, tukampisha. Hakutoka nje. Akakata kushoto, akaingia nyuma ya shuka.

Chini ya pindo, katikati ya miguu mitupu ya akina mama, tukaviona viatu vya njano.

 Papa Polycarpe, mdomo wetu, alinyamaza, mwanzi umeshuka. Kwenye shuka wazungu waliendelea kufungua midomo bila neno lolote, jenereta inanguruma, na viatu vile havikusogea mpaka mkanda ulipokwisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile tuliusikia wote. Nililia mbele za watu na sikujificha.

Wengine waliondoka wakiamini. Wengine walisema ah, ni mchezo wa sinema, mzee amefurahi tu na akina mama. Na ni kweli, nyuma ya shuka si kizimbani. Mtu anaweza kusimama gizani Jumapili na Alhamisi akakaa kitini kwake kama kawaida. Kwa siku nne kilima kizima kilimtazama Papa Grégoire akienda na kurudi, hakuna aliyethubutu kumuuliza, na Colette kule alikofungiwa hakujua lolote, maana mlinzi alisema habari za sinema haziruhusiwi.

Alhamisi ikafika. Tribunali, inayokaa uwanjani, ilijaa mpaka watu wakapanda kwenye miti ya kahawa. Colette akasimamishwa. Papa Grégoire alikuwa kwenye kiti chake kama kawaida. Prezida akasafisha koo, akauliza kama desturi inavyotaka: "Nani iko nyuma ya uyu mutoto?"

Colette akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Hakuna, Bwana Prezida. Mukate tu."

Papa Grégoire akasimama. Akavua ile nishani ya ujuji shingoni, akaiweka mezani kama mtu anayeweka kikombe asitake kisikike. Akateremka. Akapita mbele ya mume wangu mshitaki, akafika nyuma ya Colette, akamwekea mkono begani. Binti aliruka kwa woga, alidhani ni polisi.

"Bwana Prezida," akasema, "mimi siwezi kukata iyi kesi. Uyu mutoto iko yangu. Siku depo iliungua alikuwa kwetu, kwa kitanda ya mama yangu, toka asubuhi mpaka jioni, na mimi njo nilimuita. Nilikaa kwa kiti ile nikamusikia ananyamaza juu yangu. Kama kuna wa kufungwa, iko mimi."

Watu waligeuka wote kumtazama Mama Adelaïde, mkewe, kuona kama ataanguka au atapigana. Mama Adelaïde akafungua mwavuli wake, jua lilikuwa kali, akasema ili kila mtu asikie: "Kwani ni habari mpya? Ule mutoto iko na masikio yako, yote mbili. Mimi nilijua toka siku alifika. Nilikuwa nangojea tu mdomo yako." Kumbe siri ile Papa Grégoire alikuwa akijificha nayo peke yake, kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani!

Sasa prezida, ambaye ni mtu makini, akasema: vema, kama si Colette, basi moto ulitoka wapi? Twendeni tukaone. Tangu siku ya moto mume wangu alikuwa amekataza mtu kugusa mabati yale, eti ushahidi hauguswi. Wakayainua. Na chini, juu ya mabaki ya magunia, ilikuwa imekaa kwa amani pasi ya makaa.

Pasi ya nani? Haya, sasa mnaweza kumtazama mume wangu. Kilimani hapa ni mwanaume mmoja tu anayepiga pasi suruali yake mwenyewe kwa ajili ya Misa, kwa sababu haamini kwamba mke wake anajua kunyoosha mkunjo. Na kwa kuwa hataki watu wamwone akifanya hivyo, anajificha depo. Aliitazama pasi, pasi ikamtazama. Akasema, "Ah. Iyi iko yangu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote siku hiyo. Siku iliyofuata alikwenda kwa Colette akiwa amevaa suruali yenye mikunjo kila upande, akapiga magoti dukani mbele ya wateja, akaomba msamaha. Namtania, lakini nampenda kwa magoti yale, na nimembadilishia pasi.

Papa Polycarpe, unaona ulichofanya? Hukuvunja kiapo, maana hukumtaja mtu. Hukudanganya, maana hakuna aliyejua wale wazungu walikuwa wakisema nini. Ulimwondoa mjomba mmoja tu wa uongo, nasi wengine tukajaza nafasi.

Ni lazima niongeze hili, wageni wa Mubi wasije wakafikiri tunawaficha. Mwaka jana alipita hapa sista mmoja mgeni anayejua ile lugha ya maneno yanayotokea kwenye shuka. Tukamwekea Kesi. Alitazama mpaka mwisho, akashangaa jinsi tunavyoipenda. Akatuambia kwamba binti yule ni mwizi wa kweli wa vito, amekiri mwenyewe kwa maandishi makubwa kabisa, na mzee mwenye ndevu hahusiani naye kwa lolote, ana mafua tu. Tulimgeukia Papa Polycarpe wote. Akafikiri kidogo, akasema: "Sista, alikiri juu ya kukosa muntu nyuma yake." Sista akaomba tumwekee mkanda tena. 

Basi mzee, macho yako yamechoka na taa, unashuka Shasha kwa binti yako ukale samaki na kupumzisha koo. Tumekuwekea mbuzi wawili na blanketi, na akina mama wamesuka mkeka. Tunakuombea usingizi mrefu na majirani wasemaji, ili usipate kazi ya kuwasemea.

Namalizia na jambo ambalo wengi hamkuliona, kwa sababu lilitendeka ndani ya ofisi na mimi nilikuwa nimepeleka chai. Baada ya kesi, Papa Grégoire aliondolewa kwenye kiti cha ujuji, na ilikuwa haki, hata yeye hakubisha. Karani wa tribunali alikuwa na taabu. Alizoea kumwita Bwana Juji miaka yote, na sasa cheo hakipo. Akamuuliza kwa adabu: "Papa, tangu leo tukuite nani?"

Colette alikuwa amesimama mlangoni akimngoja, na mzigo wake wa nguo kichwani, tayari kuhamia kwao.  Papa Grégoire alimtazama binti kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Colette akaitikia kwa kichwa.

"Muniite Papa Colette," akasema.

Na ndivyo anavyoitwa hadi leo. Papa Polycarpe, hiyo ndiyo kazi uliyoifanya kwa mwanzi na shuka fupi. Nendeni salama nyote, wewe kwanza. Asanteni kwa kuniazima masikio yenu, na chakula kiko tayari nyuma ya ukumbi.